Nilikubeba Nikiwa na Gauni la Buluu

Barasa rafiki yangu,

Ni wiki sita tangu tukuzike, na bado nimekukasirikia kwa kuondoka bila kuaga. Moyo ulisimama kazini, walisema. Nekesa mkeo alinipa koti lako la baridi. Mfukoni nilikuta pipi mbili za tangawizi. Moja nimeila. Nyingine sijaweza.

Lazima nikueleze yaliyotokea, maana wewe ulikuwa ndani ya jeneza, hukuona kitu.

Unakumbuka ahadi yetu ya bwenini, kule shule ya wavulana, tulipotoka kumzika mwalimu wa hesabu? Atakayetangulia, mwenzake atambeba, mbele, upande wa kushoto. Basi siku mbili kabla ya mazishi mwenyekiti wa kamati ya mazishi akanipigia simu. "Uko kwenye list ya wabebaji wa jeneza," akasema, kisha akalitaja lile jina langu la zamani. Nikamwambia naitwa Rehema. "Kubeba ni kazi ya wanaume. Ukitaka kubeba, come in a suit. Ukivaa gauni, utakaa kule nyuma."

Suti bado ninayo, ile ya mahafali ya uuguzi. Niliitoa, nikaitundika mlangoni, nikaitazama mpaka chai ikapoa mkononi. Ni saa moja tu, nilijiambia. Kwa ajili yako ningeweza.

Halafu nikakumbuka ile treni ya Campbelltown, huku ughaibuni, tukirudi kwangu, nilipokuambia kwamba mimi ni mwanamke na nimechoka kujificha. Ulitazama nje ya dirisha stesheni nne, na mimi nilizihesabu zote. Kisha ukauliza, "Sasa nikuite nani?" Nikasema, Rehema. Tulipofika ukaingia jikoni mwenyewe, na baada ya muda nikasikia, "Rehema, chai yako inapoa." Basi. Urafiki wetu ukaendelea kutoka hapo.

Hukuwa malaika. Mwaka mzima mbele za watu uliniita "boss" kwa woga wa kukosea. Na siku ya nyama choma Doonside, ulipopata ujasiri, ukawatangazia wageni wote: "Huyu ni Rehema, tumelala kitanda kimoja miaka minne!" Watu wote wakamgeukia Nekesa. Wewe umeshika koleo, jasho linakutoka, unapiga kelele: "Double-decker! Ya shule! Mimi juu, yeye chini!" Nekesa alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Hata sasa nikikumbuka nacheka, halafu nalia.

Suti nikairudisha kabatini. Nikavaa gauni la buluu, lile ulilosema linanifananisha na shangazi yako mwenye pesa. Mwenyekiti alinikuta mlangoni mwa kanisa, akasimama mbele yangu. Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu, "Mimi sirudi nyumbani." Sikurudi nyuma hata hatua moja, Barasa. Ndipo Nekesa akainuka kwenye kiti cha mbele, akaja akanishika mkono watu wote wakiona. "Rehema, si ulimwahidi? Kuja. Utashika jeneza mbele, kushoto."

Mwenyekiti akasogea.

Ulikuwa mzito, rafiki yangu. Ule ugali wote uliokula kule Seven Hills nimeujua kwa bega langu. Lakini nilikubeba mpaka mwisho, na sikubadilishana na mtu.

Kwenye karatasi ya ibada walikuwa wamekwisha kuchapa lile jina langu la zamani. Liliniuma, sitakuficha. Mwakani tutaweka jiwe kaburini kwako, kutakuwa na karatasi mpya, na Nekesa amenipa mimi kazi ya kuiandika. Nitaandika hivi: aliyembeba mbele kushoto ni Rehema, rafiki yake tangu kidato cha kwanza. Kamati ikitaka kubadilisha, inajua ninapokaa.

Pumzika, Barasa. Nakuahidi jambo moja: sitaacha tena chai yangu ipoe nikiitazama suti.

Wako,
Rehema