Sodiamu Kidogo Tu

Columbus, Jumanne, Februari 2015

Umeme umeongezeka.

Kosa letu hapa maabara lilikuwa wingi. Kila mara tulitia sodiamu nyingi katika kile kipande chetu cha madini, umeme ukapita vizuri lakini volteji ikaanguka. Leo nilitia chembe tu, nikapasha moto upande mmoja, na volteji haikuanguka.

Ila nimepima mara moja tu. Kesho kipande kikipasuka, je...

Nilimpigia mama huko Louisville, na hapo nilikosea. Kabla sijamaliza kueleza, alishawaambia wanakwaya wenzake waliokuwa naye kwamba Jumapili nitatoa ushuhuda kanisani. Nilikasirika. Ushuhuda gani, mama, na kipimo hakijarudiwa?

"Bon, hiyo kitu inafanyaka kazi gani?" akauliza, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake.

Nikamwambia kinakamata joto linalopotea, kinaligeuza kuwa umeme.

"Hata joto ya mbabula, ile ya makaa?"

"Hata hiyo, mama."

"Donc kule kwetu Uvira tulikuwa tunapika sombe katika giza, na taa ilikuwa ndani ya moto."

Kesho nitapima tena. Ila Jumapili nitasimama.