Bibi Harusi wa Udongo

Jumanne, 3 Juni 2025
Na bado gunia liko palepale, chini ya kitanda. Kitanda chetu! Juu mashuka ya harusi, chini mavi ya chuma. Ndivyo yanavyoitwa, sijatunga mimi. Mabonge meusi, yametobokatoboka, yananuka kutu na popo. Na Kasiani anayanusa! Mume wangu mzuri, analishika bonge na kulitazama kama alivyonitazama mimi kanisani. Eti babu zake kule Ufipa waliyatupa walipokuwa wakiyeyusha chuma, zamani hizo. Anafanya kazi na watu wa mambo ya kale chuoni, na sasa wanajenga tanuru la Kifipa pale Mtoni, wanafunzi waone. Baba mkubwa Dismas anatoka Sumbawanga kuja kuwaongoza. Nimesema sawa mpenzi, ila gunia litoke. Amenibusu. Gunia halijatoka.

Ijumaa, 6 Juni
Mzee amefika. Nimempa shikamoo, nimempikia kuku. Kala vizuri, kachokonoa meno, ndipo akatamka: Kasiani asilale nyumbani mpaka chuma kitoke. Mila. Anayeyeyusha hamgusi mke. Wiki tatu tu tangu tufunge ndoa! Kasiani anacheka — eti siku chache tu, Demi, ni heshima ya kazi. Kafunga begi.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa nimepitia Mtoni. Wanawake tunaishia kwenye kamba waliyozungushia tanuru. Lakini nimeliona. Refu kumpita Kasiani, la udongo wa kichuguu. Lina matiti! Mzee kayafinyanga kwa mikono yake, kalipaka unga mwekundu, kalivisha shanga. Eti huyo ndiye bibi harusi, na wao ndio waume zake, ana wivu, akinusa mwanamke mwingine hazai chuma. Na mume wangu anampapasa kiunoni kwa kiganja kilicholowa, asipasuke. Kinyaa! Nimetema mate palepale.
Jirani yangu Mwamvita kacheka mpaka khanga ikamvuka. "Shoga, umeletewa mke mwenza wa udongo! Afadhali huyo, hadai vitenge."

Jumanne, 10 Juni
Amekuja! Mchana, mwenyewe, wala sikumwita. Na karanga za kukaanga kwenye karatasi. Kasema ameshindwa, kila akifumba macho ananiona mimi. Mwekundu kwa ule unga hadi masikioni. Nimemwogesha kwanza — sitaki rangi ya yule mwanamke kitandani kwangu. Halafu... siandiki. Natabasamu peke yangu kama mjinga. Kaondoka kabla ya alasiri. Baba mkubwa asijue.

Alhamisi, 12 Juni
Siku ya kufungua tanuru. Nilisimama kwenye kamba na wanafunzi wa kike. Ubavuni kulikuwa na ufa wa kuingiza mkono, bado unafuka mvuke. Mzee akabomoa chini: uji mweusi ulioganda, chuma hakuna hata cha kutengenezea sindano. Mwalimu wao akasema udongo ulikuwa mbichi, waliharakisha. Mzee hakumsikiliza. Akawapanga wanaume mstari, akawauliza mmoja mmoja nani kalala na mkewe. Mbele za watu! Uchafu gani huu? Alipofikiwa Kasiani nikaomba moyoni: sema tu, mume wangu, sema ulinikumbuka.
Akainama. "Mke wangu alinipigia simu, Baba mkubwa. Alining'ang'ania."
Mimi! Wasichana wote wakageuka. "Kumbe ndiye huyu," mmoja akasema, na kuchekea puani. Kasiani aliniona. Akatazama pembeni.
Nimeoga mara mbili. Bado najiona nimepakwa kitu.

Jumamosi, 14 Juni
Wanajenga lingine. Mzee kamwapisha Kasiani, hakanyagi hapa mpaka chuma kitoke. Kwa ukoo wao mie ndiye niliyeliua la kwanza. Wifi zangu wameshapigiwa simu Sumbawanga. Mmoja kanitumia meseji, eti nijifunze kubana miguu. Nimeifuta, nimenawa mikono.
Mwamvita anasema niende kwetu Kipawa, nimwache apate akili. Sijui. Nampenda — na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote.
Nimemwandikia swali moja tu: utamwambia mzee ukweli? Jibu limeingia sasa hivi:
"Demi wangu, ukweli utaharibu kazi. Vumilia kidogo. Nitapita kukutembelea kabla mwezi haujaisha."