Kichwa cha Babu Kabatini

Al-Naseem, Riyadh
Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Goti linasemaje? Natumai dawa niliyotuma unaipaka wewe, humpakii yule ng'ombe wako. Mimi ni mzima na kazi ya udereva inaendelea.

Barua hii inaletwa na Barasa, dereva mwenzangu anayekuja likizo. Nimeandika kwa sababu nina jambo ambalo kwenye simu ningelimeza. Shemeji akusomee mkiwa wawili tu.

Wiki jana baba yake bosi alifariki kule Jeddah. Tuliondoka hapa alfajiri, nikaendesha gari mchana kutwa tukawahi maziko ya jioni. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo nilingoja nje kando ya gari. Bosi alirudi mikono ina udongo. Nilimpa pole, nikamuuliza kaburi watalijengea nini.

"Mafi, hakuna," akasema. "Jiwe tu. Halas, basi, amepumzika."

Hapo nikamkumbuka baba yako na uchungu ukanishika. Najua aliiba. Wewe mwenyewe ulikuwa unanichekesha kwamba ng'ombe wa pande zote mbili za mpaka walimjua kwa sauti. Lakini askari kumpiga risasi kulitosha. Kumlaza sokoni siku mbili juu ya mlango uliong'olewa, Bibi akapita hapo na wewe mgongoni asithubutu kulia kwa kuwa askari walikuwa wanatazama nani atalia, hiyo ilikuwa ya nini? Kisha wakamkata kichwa wakampelekea mkubwa wao kama ushahidi, na mwili wakautupa wasikotaka kusema. Nyumbani wakazika shina la mgomba mahali pake, kama wazee wetu walivyofanya mtu asipopatikana.

Sasa kaka Simiyu ameniambia kichwa kimepatikana kwenye kabati la maabara ya shule ya upili, ndani ya boksi lenye karatasi ya jina lake iliyofichika chini kabisa, na yale meno mawili ya chini yameng'olewa kidesturi. Mwalimu mkuu yuko tayari kukitoa, ila Mjomba Wekesa amekataa. Nawe uliolewa, huna sauti kwenye boma la baba yako, ndiyo maana ukaniomba mimi niliyepewa jina lake niseme neno.

Nimempigia Mjomba. Akasema, "Huyo tulishamzika. Ukimzika mtu mara mbili unaita kifo cha pili."

Nikamwambia hatumziki mara ya pili. Tunafungua kaburi lile lile, mgomba ulishaoza, tunampa mwenyewe nafasi yake. Hakuna kuchinja wala hotuba. Anayetaka kulia alie.

Kisha akasema, "Basi mama yako aje. Lakini asije na kwaya."

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ni yako. Kwaya iache, nakujua.

Lakini kabla hujaenda kukichukua, lazima ulijue hili. Simiyu aliponitumia picha niliona namba kumi na nne imeandikwa kwa wino kwenye paji la uso. Nilisoma shule ile, Mama, na fuvu lile nililijua miaka miwili. Mwalimu alitufundishia mifupa kwalo. Alipotoka, wenzangu walilivisha kofia, na mimi ndiye niliyelichomekea sigara pale palipokosa meno nikaliuliza, "Mzee, una kiberiti?" Darasa zima likacheka, nikajiona hodari. Na jina lake lilikuwa juu ya daftari langu.

Sikujua. Hata hivyo naona aibu.

Nisalimie Simiyu kaka yangu, shemeji anayekusomea, na Mjomba, mwambie nashukuru. Msalimie pia shangazi wa sokoni.

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwa bosi ambaye ndiye kafili, mdhamini wangu, akiishughulikia, siwezi kusafiri. Kwa hiyo nakuomba unifanyie hivi. Siku hiyo umbebe wewe, usimwachie Simiyu. Umshike kwa mikono miwili, na kabla hamjamfunika umwambie polepole kwamba yule mvulana wa sigara ni wa kwenu, ni mwanao, na anaomba radhi. Halafu unipigie uniambie umemwambia.

Mwanao akupendaye,
Makokha