Kilima Ulichopigilia Misumari

Kaka,

Shikamoo. Hujambo, na wifi na watoto wanaendeleaje? Huku tu wazima. Baba anakula vizuri na kutembea mpaka dukani. Nimetanguliza salamu kwa sababu nimelelewa, siyo kwa sababu moyo umetulia. Moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Tangu ulipoondoka, ndugu wananipigia simu kunipa pole. Shangazi anasema umemweleza kwamba akili ya baba imeanza kumtoka, hata reli zake ndogo za treni ya mfano kule chumba cha nyuma zinamshinda, hivyo utampeleka makao ya wazee. Ushahidi wako ni kwamba treni yake ikianza tu kupanda kilima, inaanguka. Mtu aliyeendesha treni za kweli mpaka akastaafu, umemtangaza hafai kwa treni ya kushika kiganjani.

Ni kweli ilikuwa inaanguka. Baba aliirudisha relini kwa vidole vinavyotetemeka, ikaanguka tena, mpaka akazima umeme na kufunga mlango. Aliacha hata kunyoa. Nikaingia mwenyewe, nikalaza rula juu ya reli pale tambarare inapokutana na kilima. Rula ikagusa kwenye ncha zake tu, katikati pakabaki uwazi. Siku ile ulipokuja kututembelea ukajitia ufundi wa kumjengea baba kilima, ulichukua ubao ulionyooka, ukauinamisha, ukaupigilia misumari na kuumwagia gundi. Reli inakunjika ghafla, magurudumu ya katikati yanabaki hewani, ndoano za mabehewa zinaachiana. Treni gani ingepita hapo, Kaka?

Nilibandua gundi yako kwa kisu huku nikikusema peke yangu. Nikaweka plaiwudi nyembamba inayokubali kupinda, nikaikaza kwa skrubu upande wa tambarare, kisha nikaipangia kadibodi kwa chini: kwanza nyembamba kama karatasi, halafu nene kidogo, kisha nene zaidi, ili reli ianze kuinuka bila yenyewe kujua. Kule juu nikafanya hivyo hivyo, ilale taratibu. Nikamwita baba. Treni ilipanda na mabehewa yote, hakuna hata gurudumu lililoruka. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na haikuharibu chochote.

Sasa soma vizuri hapa. Nilimweleza baba kwamba nimegundua kasoro ilipo. Hakushangaa. Alikuwa ameigundua kwa kupapasa kwa kidole, jioni ile ile ulipoondoka. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akaacha ndugu wamwone amechanganyikiwa.

"Tangu utoto wake hakuwahi kugusa reli zangu," alisema. "Ningeng'oaje kitu cha kwanza alichonijengea?"

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Yeye alikuwa tayari kuitwa mwendawazimu ili kazi yako ibaki, na wewe ulikuwa unamtafutia kitanda kwa wageni.

Baba hana kinyongo. Mimi ninacho, tena cha kututosha wote wawili. Haendi makao yoyote. Mpigie shangazi, uwapigie na wengine, uwaambie kilima kilikuwa chako. Usinitume mimi.

Wasalimie wifi na watoto; wao hawana kosa. Baba anauliza utakuja lini mjenge daraja pamoja. Nimekuandikia hilo kwa sababu amenituma.

Mdogo wako,
ambaye bado hajapoa.