Dada, Asante kwa Mlango Ulionifungia

Dada Atupele,

Niwie radhi. Miaka miwili imepita tangu tukuzike hapa Masoko, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Mwalimu mstaafu hawezi kusingizia kwamba alikosa kalamu. Nilikuwa na kinyongo, na ni aibu mtu wa umri wangu kumwekea marehemu kinyongo.

Unajua kilikoanzia. Majira yale ya baridi, mafua makali yalipoingia kijijini, ulikwenda msibani ukakataa kushikana mikono na watu. Uliketi uani, mbali na mkeka wa wafiwa, ukawasalimu kwa kupiga magoti. Nilikukemea mbele ya wote: "Uuguzi umekufundisha kiburi!" Wiki hiyohiyo ulimhudumia jirani aliyekuwa akihema kwa shida, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemwendea, na homa ikakushika wewe. Nilipokuja kukuona, ulifunga mlango kwa ndani. Ulimruhusu binti yako Gwantwa peke yake, akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Mimi uliniambia kupitia dirisha, huku ukikohoa, "Mwalimu, humu hamna mtihani wa kusimamia. Rudi kwako na kifua chako kibovu."

Niliondoka nimekasirika. Siku ya nne ulifariki.

Dada, ungenifungulia, barua hii isingeandikwa.

Kilichonifumbua macho ni daftari lako, alilonipa Gwantwa. Ndani yake uliandika majina aliyotutajia Bibi, ya watu wa nyumba yao kule Masukulu waliokufa kwa mafua yale yaliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Duniani walikufa makumi ya mamilioni; wataalamu hukadiria tu, kwa sababu wengi hawakuandikwa popote. Wa kwetu wameandikwa, tisa, kwa mwandiko wako. Chini yao uliweka maneno ya Bibi: "Tulikwenda kulia msiba mmoja, tukarudi na misiba minne." Maneno hayo niliyasikia utotoni, sawa na wewe. Wewe uliyasikiliza.

Kwa hiyo nimelipeleka jambo lako kwenye kamati ya mazishi ya ukoo. Mafua mabaya yakizuka tena, watu wasilale ndani kwa wafiwa. Wakae uani, kila mmoja na kikombe chake, maji na sabuni viwepo, na anayekohoa abaki kwake. Nilidhani watanikubalia kwa sababu ya mvi. Binamu yetu Ambakisye aliniuliza, "Mwalimu, mtu anayelia kwa mbali analia kwa ajili ya nani? Na asiyekuja kabisa, tumhesabu ndugu au mpita njia?" Watu wakaguna kumuunga mkono.

Gwantwa akasimama. "Mjomba Ambakisye, anayekohoa atume mkungu wa ndizi. Ndizi hazikohoi."

Walicheka, hata Ambakisye mwenyewe. Ndipo nilipopata ujasiri wa kuwasimulia jinsi nilivyokukemea, na jinsi ulivyonifungia mlango. Hapo hakuna aliyecheka.

Hata hivyo hawajakubali. Ambakisye anahofia kwamba tukizoea kukaa mbalimbali, ugonjwa utapita na sisi tutabaki hivyohivyo. Hofu hiyo siidharau. Lakini baridi imeingia, na Jumapili iliyopita kanisani watu walikohoa hata mahubiri hayakusikika vizuri. Kamati itaamua Jumamosi.

Ndaga fijo, Dada. Nakushukuru kwa lugha ya mama yetu, maana Kiswahili changu chote hakinitoshi. Kila asubuhi ninayoamka sasa umenipa wewe, nami nimechelewa mno kusema asante.

Pumzika kwa amani. Wakikataa, msiba ujao nitaketi uani, hata nikiwa peke yangu. Na vyovyote watakavyoamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Asajile