Mkanda Niliompa Odete

Noonkopir,
Kitengela.
Tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa mwanangu Kuntai,

Sopa. Najua huwezi kuitikia kutoka huko majini, kwa hivyo nimejiitikia mwenyewe, tuendelee. Afya yako ikoje? Ule mgongo uliokusumbua kwa kusimama siku nzima umepona, ama bado unapaka ile dawa ya kunuka? Unakula? Kwa picha ya mwisho shingo yako imekuwa nyembamba, na usiniambie ni kola ya shati.

Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha Isinya siku mbili mfululizo, na yule ng'ombe mwekundu wa marehemu mama yako amezaa ndama jike. Dada yako Nailantei amepata kazi kwa shamba la maua huko huko Isinya, upande wa kufungasha, na anarudi nyumbani akinukia waridi mpaka mbuzi wanamfuata. Goti langu liko sawa. Presha iko sawa. Kichwa changu, Kuntai, kiko sawa kabisa, na hapo ndipo nataka kuanzia.

Nimepata ile fomu ya wakubwa wako wa meli. Najah, binti ya Haibe wa duka la vitambaa, ndiye aliyenichapishia. Aliisoma ikitoka kwa mashine, maana huyo msichana hawezi kuacha karatasi ipite bila kuisoma, akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Mwalimu, kwani umeanza kusahau?" Nikamwambia anipe karatasi yangu na afunge mdomo. Halafu nikaisoma mimi mwenyewe, nimesimama pale pale mlangoni.

Ati nitie sahihi kwamba mimi, Zipporah, kwa sababu ya umri, nilikuwa nimechanganyikiwa ndani ya meli na sikujua ninachofanya. Na wewe, unayeniita mama, chini yake umeniandikia, "Yeyo, weka sahihi tu, ndiyo wanirudishe kazini. Ni karatasi tu." Karatasi tu! Mimi niliyefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja? Mimi niliyekuchukua ukiwa na miaka mitano dada yangu alipofariki, nikakufundisha kusoma juu ya meza yangu ya jikoni? Leo mimi ni karatasi tu?

Wacha nikuandikie vile mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, ndiyo uone kama haya ni maneno ya mtu aliyesahau.

Siku ile nilipopanda meli pale Mombasa nilikuwa na furaha ya kulia. Ulikuwa umeniombea nafasi ya jamaa wa mfanyakazi, siku saba, na nilikuwa nimetangazia kanisa lote. Sikuwa nimekuona miaka mitatu. Nikakuona umesimama kwa meza ya mapokezi na sare nyeupe, na mkono wangu ukainuka wenyewe kungoja kichwa chako, vile kila mtoto wa kwetu anavyomwinamishia mkubwa kichwa ili aguswe na asalimiwe. Wewe ukaushika mkono huo, ukaufunga mkanda wa mpira, ukaupitisha juu ya mashine mpaka ikalia, ukaniambia karibu ndani, kwa Kiingereza, kama mgeni yeyote. Nilijua msimamizi wako alikuwa nyuma yako. Nilijiambia hivyo. Lakini niliumia, sikukuambia, na sasa nimekuambia.

Baadaye ulikuja chumbani ukanieleza mambo ya huo mkanda, na ulinieleza vizuri, sitakusingizia. Ulisema ndio unafungua mlango, ndio unaagiza chakula, ndio unapima moyo na usingizi na kuonyesha mtu yuko wapi ndani ya meli. Ulisema hata nikioga nisiuvue, na nisimpe mtu. Ukaniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo. Hayo nitayasema mbele ya mtu yeyote.

Lakini, haki ya Mungu, hayo ni maisha gani? Unaamka asubuhi, hata hujanawa uso, skrini ya ukutani inakuambia umelala vibaya. Nani aliiuliza? Unatembea koridoni, kila skrini inakuita, "Habari ya asubuhi, Zipporah," na watu wenyewe wanakupita bila hata kukohoa, wameinamia mikanda ya mikono yao. Siku ya pili niliimba wimbo wa kanisa chumbani, nikaimba vile tunavyoimba huku, na mkanda ukatetemeka ukanishauri nikae chini nipumue polepole. Nikaimba beti zote zilizobaki kwa hasira. Siku mbili nzima katika meli ya watu elfu mbili, na aliyelijua jina langu ni ukuta.

Mpaka siku ya tatu nilipokutana na Odete. Wewe unamjua sasa, lakini wacha niseme. Ni mama mzee wa Ureno, mjane kama mimi, nywele nyeupe, miguu mibovu. Baada ya chakula cha mchana alikuwa amekaa peke yake akifuma kitambaa, nami nilikuwa na kikapu changu cha shanga, basi nikakaa karibu naye. Hajui Kiswahili, mimi sijui Kireno, na Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi. Tulikaa saa tatu. Alinionyesha picha ya marehemu mume wake, nikamwonyesha ya wangu. Akalia kidogo, nami nikalia kidogo. Halafu nikavua bangili yangu ya shanga, ile nyekundu na buluu niliyoitengeneza mwaka mama yako alipofariki, nikamvalisha.

Wewe ni mtoto wa kwetu. Unajua mtu akipewa hivyo naye hutoa, na unajua watu wakishapeana hawaitani tena kwa majina, wanaitana kwa kile walichopeana. Baba yangu na rafiki yake wa Oltepesi waliitana kwa ng'ombe mmoja, mtamba, mpaka wakazikwa, na sisi wanawake wa nyumba yetu tukafanya vivyo hivyo kwa shanga. Odete hakufundishwa hayo na mtu yeyote, lakini aliyafanya. Alitazama mkono wake, akaona hana kitu kingine isipokuwa huo mkanda wenu. Akauvua akanipa.

Ulitaka nifanye nini? Nimwambie hapana, hiki ni mali ya kompyuta? Nikavua wangu nikampa ili asibaki mkono mtupu. Ulichonieleza nilikikumbuka, kila neno. Nikaona kitu nilichopewa na mtu aliyelia pamoja nami ni kikubwa kuliko mlango wa chumba. Kosa langu liko hapo, na nililifanya na akili zangu zote.

Jioni mlango wangu ukakataa kufunguka, mhudumu wa usafi akanifungulia. Skrini ya koridoni ikanisalimu kwa Kireno ikaniita Odete, nikacheka mpaka nikashika ukuta, nikasema kumbe hata mashine imejua tumepeana! Nikaenda kunywa chai, ikaletwa bila sukari, ati mkono wangu umesema niko na ugonjwa wa sukari. Mimi, chai bila sukari! Niliinywa nimekunja uso. Hapo ndipo nilipopaswa kufikiria ugonjwa huo ni wa nani, na sikufikiria.

Kesho yake tukafika Zanzibar. Miguu ya Odete ikakataa, akabaki. Mimi nikashuka kutafuta karafuu za Nailantei. Na sasa soma polepole, Kuntai, maana hili ndilo hawataki liandikwe popote. Pale pa kushukia kuna mlinzi na skrini yake. Mtu akipitisha mkanda, picha yake inatokea. Nikapitisha ule niliovaa, ikatokea picha ya Odete, mwanamke mzungu, nywele nyeupe, miwani. Na mbele ya hiyo picha nimesimama mimi, mweusi hivi nilivyo, kichwa kimenyolewa, masikio yametobolewa yakaning'inia, shanga shingo nzima. Taa ikawaka kijani. Mlinzi akaniambia, "Siku njema, Odete." Hakuinua macho! Na niliporudi saa nane mchana alikuwepo mlinzi mwingine, naye akanikaribisha ndani kwa jina hilo hilo.

Nilipotoka pale nilikuwa nacheka. Sicheki tena.

Kwa sababu wakati mimi nazunguka sokoni, Odete alikuwa ameanguka karibu na lifti ya chini, sukari imeshuka, hawezi kuita mtu. Na mashine ya daktari iliyopaswa kumwangalia yeye ilikuwa inaangalia mkono wangu. Ikamtumia binti yake ujumbe huko Ureno kwamba mama leo ametembea hatua elfu tisa na moyo wake uko imara. Elfu tisa! Na mama yuko sakafuni. Na sehemu ya hilo kosa ni yangu, sikatai.

Nani alimpata? Ni wewe. Uliona kwa kompyuta yako kwamba mkanda wa Zipporah haujasonga kwa dakika arobaini, na hukutuma ujumbe wala hukubonyeza kitu. Uliacha meza ukakimbia, ukidhani ni mimi. Ukamkuta Odete, ukapiga magoti, ukaweka kichwa chake kwa mapaja yako, ukamwita daktari kwa sauti yako mwenyewe mpaka akaja. Odete amenieleza haya yote kwa simu, binti yake akitafsiri. Meli nzima imejaa kamera, na aliyeenda kuangalia kwa macho yake ni mtoto niliyemlea mimi.

Na huyo ndiye wamemsimamisha kazi, akae tu humo melini akingoja! Ati uliacha meza bila ruhusa, na ati hukumweleza mgeni wako sheria. Mlinzi aliyeniita Odete yuko kazini, anakunywa chai yake na sukari. Sasa aliyechanganyikiwa hapo ni mimi?

Wanachotaka nimekiona. Nikiwa mzee asiyejua afanyalo, basi hakuna wa kulaumiwa, wewe unarudishwa kwa meza yako, na hakuna atakayeuliza kwa nini walinzi wawili hawakuangalia uso wa mtu. Nimekaa na hiyo fomu siku nne. Kalamu niliishika mara mbili, nakuambia ukweli, kwa sababu najua ulivyohangaika kuipata hiyo kazi. Kama wangeandika mimi ni mkaidi, ni mgomvi, ni mjinga wa kompyuta, ningetia sahihi kabla chai haijapoa. Lakini wameandika kwamba nilipompa Odete ushanga wangu sikujua ninachofanya. Hiyo ni kumnyang'anya.

Kwa hivyo sitatia sahihi. Usikasirike, soma mpaka mwisho.

Alhamisi nilienda Kajiado kwa wakili Mwihaki, ambaye nilimfundisha akiwa hana meno ya mbele, nikaapa mbele yake hati yangu mwenyewe ya kurasa mbili. Nimeandika kwamba ulinieleza sheria zote na nikazielewa. Nimeandika kwamba mkanda niliuvua kwa hiari na nimeomba radhi kwa hilo. Nimeandika mlinzi wa kwanza, mlinzi wa pili, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Odete na binti yake wameandika yao, wamesema ni nani aliyempata. Na nyuma kabisa nimebandika picha mbili kwa karatasi moja, yangu na ya Odete. Chini yake nimeandika kwa Kiingereza changu cha darasani: "Onyesha ni yupi Odete." Nimewaachia mstari wa kujibu. Alama mbili.

Vyote viko ndani ya bahasha hii. Usivitume kwa mashine, tafadhali. Peleka kwa mkono, weka mezani kwao, na usitoke mpaka mtu ainue macho akuangalie. Mwihaki anasema uko na haki. Mimi ninasema hata wakikufukuza, wewe ndiye mtu pekee katika meli hiyo aliyefanya kazi siku ile, na hapa nyumbani hakuna atakayekuuliza kitu. Nitaumia kwa ajili yako, na pengine utanikasirikia muda mrefu. Lakini sikukulea nije nikununulie kazi kwa uongo, halafu kila ukiniona uone ule uongo.

Nailantei anakusalimu sana, karafuu zilifika na amezimaliza. Binamu yako Dennis anasema ujibu simu anazokupigia. Haibe anakusalimu, na Najah pia, ambaye nimemsamehe. Odete tunapigiana kila Jumapili baada ya kanisa. Amejifunza neno moja la Kiswahili, ananiita "Ushanga." Mimi namwita "Mkanda," na tunacheka mpaka binti yake anachoka kutafsiri.

Mungu wetu Enkai akuzunguke mbele na nyuma, akupe miguu ya kukimbia kama ulivyokimbia siku ile, na akurudishe ukiwa mzima. Na siku utakapofika hapa Noonkopir, usininyooshee mkono. Ingia, inama, uniletee kichwa chako. Mkono wangu bado uko pale pale ulipoinuka.

Yeyo wako akupendaye, hata akikugombeza,

Zipporah