Nimemwambia mama mkwe tamthilia imepoa

Shoga, nimefanya ujinga, roho inanisuta.

Ile tamthilia ya mgahawa ninayoangalia na mama mkwe kwake kila Ijumaa, si unaijua? Leo nikaona uvivu wa kwenda kwake kila wiki. Nikampigia: "Mama, ilianza moto, lakini katikati imepoa. Tuiache tu."

IMEPOA! Na jana niliangalia sehemu ya tano kwa siri, peke yangu, mpishi mkuu alipovua aproni nikalia kama mtoto!

Akasema: "Mimi ilinichosha tangu mwanzo, mwanangu. Nilidhani wewe ndiye unayeipenda."

Nilidhani wewe ndiye unayeipenda!! Shoga!

Halafu akauliza, taratibu kabisa: "Sasa Ijumaa utakuja kufanya nini?"

Niko mlangoni kwake. Nikipiga hodi, nimwambie nimefuata nini?